Mwiko wa Akina Tolliscombe

Jumapili, 8 Septemba

Daktari ameniambia ninunue daftari niwe naandika presha yangu kila siku. Daftari nimenunua. Presha sijapima, kwa sababu leo Edna kaleta mchumba, na mtu mwenye akili timamu hapimi presha siku ya namna hiyo.

Nijieleze kidogo, maana daktari anaweza kuja kulisoma. Mimi ni Eliudi, dereva wa basi la shule hapa Riverdale Park, Maryland, Marekani, zamani dereva wa ubalozi, na mgane. Edna ni mwanangu wa pekee, ana miaka thelathini na nne, anafanya kazi maabara, na nilishaanza kuamini kwamba ataolewa na hiyo maabara.

Mchumba anaitwa Kalamu Tolliscombe. Mmarekani mweusi, fundi wa lifti, mrefu hadi aliinama mlangoni. Kiswahili kajifunza darasani na anakisema kama anasoma taarifa ya habari. Alisoma mahali fulani kwamba Wahaya husalimia wakwe kwa kupiga magoti, basi kapiga magoti yote mawili kwenye zulia langu, "Shikamoo, mzee wangu mtukufu." Hakuna aliyemwambia kwamba wanaopiga magoti ni wanawake. Edna kacheka mpaka kakohoa. Nikaitikia marahaba, nikamwacha hapo chini muda kidogo. Nani asiyependa kuitwa mtukufu?

Tukampigia simu dada yangu Honorata, huko Muleba. Mama yake Edna alifariki mtoto akiwa na miaka minne, mimi niko huku natafuta, na Dada ndiye aliyemlea mpaka nilipopata karatasi za kumleta. Kwa hiyo Edna kashasema wazi, "No Shangazi, no wedding, Dad." Na akisema hivyo kwa Kiingereza ujue ndiyo basi.

Dada hakuuliza kazi wala dini. Kauliza, "Ukoo gani, na mwiko wao nini?" Kwetu kila ukoo una mwiko wake, kitu ambacho watu wa ukoo huo hawakigusi. Sisi hatuli moyo wa mnyama yeyote. Asiye na mwiko hana ukoo, na asiye na ukoo, kwa Dada, ni mtu aliyeokotwa.

Kalamu kajibu kwa adabu kwamba yeye hali kamba wala kaa. Dada karidhika papo hapo, kaanza na vigelegele. Kumbe kijana ni mkweli kupita kiasi. Kaongeza kwamba akila anavimba uso, na kwamba bibi yake aliyemlea, Bibi Audrey, anakula kaa kila Jumamosi. Vigelegele vikakatikia njiani.

"Huo ni ugonjwa," Dada kasema. "Mimi nimeuliza mwiko."

Basi katoa masharti. Posa itakuwa Jumamosi baada ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya huku. Upande wa mume waje na wazee wao, ukoo wao na mwiko wao. Wasipokuja navyo, yeye hana baraka za kutoa. Na Kalamu hana mzee mwingine duniani zaidi ya huyo bibi mla kaa.

Presha: sijapima.

Jumamosi, 14 Septemba

Majani yameanza kuanguka. Jirani yangu Kimutai, Mkenya wa Eldoret, ana mashine ya kupuliza majani. Anayapuliza kuja kwangu.

Jumatano, 18 Septemba

Hakuna jipya. Mtoto mmoja katapika kwenye basi.

Jumamosi, 21 Septemba

Kalamu kaja kunisaidia kuzoa majani. Ana bidii, siwezi kusema uongo, ila anazungumza na reki yake kama yuko kwenye mahojiano. Alitaka kunieleza habari za jina lake. Alianza, "Mzee, kuhusu asili ya jina letu, kuna jambo ambalo sharti ulifahamu." Nikamkatiza. Nikamwambia asihangaike, mambo ya ukoo ni ya wazee, mimi nitayashughulikia. Kanitazama kidogo, kasema naam, kaendelea na majani.

Kimutai kapuliza mengine jioni.

Jumamosi, 5 Oktoba

Leo nimefanya kazi ya kiume.

Nililiandika jina la Tolliscombe kwenye kompyuta. Jina lenyewe ni adimu, halijai hata ukurasa. Lakini nikaona kwamba akina Tolliscombe wana chama chao, na mwenyekiti wa chama anaishi Arlington, hapo ng'ambo ya mto tu, anaitwa Christopher. Ukoo wenye mwenyekiti! Sisi wenyewe hatuna mwenyekiti. Nikapiga simu, ikapokelewa na sauti ya mzee mchangamfu, nikasema nataka kujua habari za ukoo wao kwa sababu ya ndoa. Akasema nije hata leo.

Sikumwambia mtu. Nikavaa koti, nikapita duka la Wasalvador kwenye Route One, nikanunua ndizi za kupika za kutosha, maana huendi kwa wakwe mikono mitupu. Nikavuka mto naimba.

Mlango ukafunguliwa na Mzungu.

Nikadhani ni mpangaji. Nikamuuliza mwenye nyumba yuko wapi. Akasema ndiye yeye, Christopher Tolliscombe, mstaafu wa makao makuu ya jeshi, karibu ndani. Nikabaki mlangoni nimekumbatia ndizi. Ningefanyaje? Nikampa.

Mzee huyu ni mgane kama mimi, na nadhani hakuna aliyemuuliza kitu kwa miaka. Ukuta mzima wa chumba cha kulia umefunikwa na mti wa majina. Kwa miaka ishirini anafuatilia hilo jina moja. Kumbe Tolliscombe ni bonde, magharibi ya Uingereza, lilikuwa na nyumba chache na kinu. Nyumba zilishaanguka, siku hizi kuna kondoo tu. Walibaki ndugu wawili wenye jina hilo. Mmoja akabaki bondeni akazaa mabinti watupu, jina likazimika. Mwingine akavuka bahari akaja Maryland kulima tumbaku. Kwa hiyo, kasema Mzee Christopher huku macho yanang'aa, kwao Uingereza hakuna tena Tolliscombe hata mmoja. Wote waliobaki duniani wametokea huku.

Nilipokwenda msalani nikaona nyuma ya mlango wa ukumbi kuna karatasi nyingine, imejaa majina ya Tolliscombe mengi kuliko ya ukutani, hayana mistari ya kuyaunganisha. Nikamuuliza hawa ni akina nani. Mzee kakohoa, kasema hao ni wengine, kisha kaniuliza kama nanywa chai na maziwa. Mgeni hachokonoi yaliyo nyuma ya mlango. Nikasema na maziwa.

Kabla sijaondoka nikamwalika kwenye posa kama mkuu wa ukoo. Alilengwalengwa na machozi.

Dada nimempigia nikiwa bado kwenye gari. Kafurahi mno. Bonde lipo, babu mmoja yupo, mkuu yupo. Kauliza na mwiko. Nikasema Mzee Christopher hali matango. Kasema matango hayatoshi, nichimbe zaidi.

Presha: lazima ni nzuri, sina haja ya kupima.

Jumapili, 13 Oktoba

Nilisubiri mpaka wote wawili wamekaa mezani na matoke yameshapakuliwa. Nikawapa habari yote, bonde, kinu, kondoo, mwenyekiti, na kwamba anakuja kwenye posa. Nilisimulia vizuri. Nilitegemea angalau nishikwe mkono.

Kalamu kaweka kijiko chini.

"Baba," kasema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo, "huyo mzee si ndugu yangu. Huyo mkulima wa tumbaku alikuwa na watu. Aliwanunua. Watu wake ndio sisi. Jina tulibandikwa, kama anavyobandikwa ng'ombe chapa."

Hapo Kiswahili chake hakikuwa cha taarifa ya habari hata kidogo.

Nikaitazama sahani yangu. Edna kasema, "Dad, he tried to tell you," kwa sauti ndogo, na ningependa zaidi angenifokea. Kalamu kasimama, kashukuru kwa chakula, kaniaga kwa heshima zote, kaondoka. Edna kamfuata. Nimebaki na matoke ya watu watatu.

Naona aibu mpaka masikio yanawaka. Nimekaa nchi hii zaidi ya miaka thelathini. Majina ya namna hii nayasoma kila asubuhi, watoto wanapanda basi langu nayaita moja moja, na wengi wao ni weusi kama mimi. Sikuwahi kujiuliza yaliwafikiaje. Nilidhani jina la mtu ni ukoo wake kwa sababu kwetu ndivyo ilivyo. Na yule kijana alishika reki akataka kuniambia, mimi nikamwambia mambo ya ukoo ni ya wazee. Wazee gani, Eliudi? Wewe?

Na Mzungu nimeshamwalika.

Jumatatu, 14 Oktoba

Presha nimepima. Siiandiki.

Jumamosi, 19 Oktoba

Edna hapokei simu.

Jumanne, 22 Oktoba

Mvua. Majani yamelowa yameganda uani. Edna hapokei.

Jumamosi, 26 Oktoba

Kimutai kaja mwenyewe, bila mashine. Nadhani alichoka kupuliza majani kwenye ua ambao haugombi. Kauliza kwani mimi ni mgonjwa. Nikamweleza yote, tumesimama kwenye uzio.

"Mzee, hapo uliharibu," kasema. Kisha kafikiri. "Lakini hiyo maneno iko na njia. Kwetu pia lazima uulizwe ukoo na mnyama wa ukoo, sijui kama nyinyi ndio mlituiga. Na ukikosea boma ya mtu, huendi kwa kijana. Unaenda kwa mama yake. Huyu ako na bibi. Enda kwa bibi."

Nikamshukuru. Ndipo kaniambia kwamba Kalamu alishamwendea wiki iliyopita kumwomba awe mshenga wao, na yeye kakubali. Maana yake huyu mtu ananipulizia majani mwaka wa sita huu, na sasa anakuja kudai binti yangu kwa niaba ya wenzake.

Nimemwambia afanye kazi nzuri.

Jumamosi, 2 Novemba

Bibi Audrey anakaa mitaa michache kutoka kwangu, ng'ambo ya reli. Nilikwenda kwa miguu nikirudia maneno ya kuomba radhi, na nilipofika yote yalipotea, maana kafungua mlango ameshika nyundo.

Ilikuwa nyundo ya mbao, ya kupondea kaa. Ni mwanamke mwembamba wa miaka themanini na kitu, alikuwa mpeleka barua maisha yake yote, na anakutazama kama bahasha isiyo na anwani. Mezani katandika magazeti, katikati kuna rundo la kaa wekundu wamepakwa pilipili. Kaniambia nikae, nile kwanza.

Mimi ni mtu wa ziwani, nala samaki. Kaa sijawahi kumgusa. Ana miguu mingi na kila mguu una silaha. Bibi Audrey alinitazama ninavyohangaika, nimejikata kidole, pilipili imeingia kwenye kidonda, na hakunisaidia. Nikaelewa kwamba hiyo ndiyo faini yangu, nikailipa bila kulalamika. Baada ya kaa wa tatu nikamwomba radhi, machozi yananitoka, nusu ya pilipili na nusu ya kweli.

Kafuta mikono. Kauliza, hicho ambacho dada yangu anakitafuta ni nini hasa. Nikamweleza mwiko. Kauliza, ni kitu ambacho mtu wa ukoo hakifanyi hata akiwa na njaa? Nikasema hata akiwa na njaa. Hata ikiwa hakuna anayemwona? Nikasema hasa ikiwa hakuna anayemwona.

Akapasua kaa mmoja kwa pigo moja. Kisha akasema posa iko palepale, atakuja. Nikamwambia nitampigia Mzee Christopher asije.

"Mwache aje," kasema. "Nataka nimwone uso."

Sikulala vizuri kwa kufikiria hilo.

Jumamosi, 9 Novemba

Edna kaja. Kafungua friji, kala kilichokuwamo, kaosha vyombo vyangu. Nadhani nimesamehewa.

Jumamosi, 16 Novemba

Majani ya mwisho. Kimutai kayapuliza kwa adabu, kidogo kidogo, sasa ni mshenga.

Dada kapiga. Kashaandaa orodha ya mahari, na safari hii hataki mchezo: ng'ombe, blanketi za wazee, kanzu, na mengine aliyoyakumbuka wakati anaongea. Nikamwambia huku hakuna mahali pa kufuga ng'ombe. Kasema itatafsiriwa kwa fedha, Kimutai si mtoto.

Nikamuuliza kwa utani mbona yeye ndiye wa kutaka mahari kubwa. Sikupaswa kuuliza. Dada aliozwa akiwa na miaka kumi na saba. Mama mkwe wake alikuwa akimwambia kila siku, umelipiwa, chota maji, umelipiwa, nyamaza. Alivumilia miaka sita akarudi nyumbani, na baba aligombana na wale watu juu ya kurudisha ng'ombe mpaka anaingia kaburini.

Dada kasema, "Bila mahari watasema mtoto wetu ni wa bure. Bora kulipiwa kuliko kuwa wa bure." Halafu kaongeza kanzu moja.

Alhamisi, 28 Novemba

Bata mzinga mkavu. Presha juu. Keshokutwa.

Jumamosi, 30 Novemba

Niandike yote kabla sijasahau.

Dada tulimweka kwenye tableti, tukamwegemeza kwenye chupa ya chai, kichwani mwa meza. Kwao ilikuwa jioni. Kavaa kitenge kipya, nyuma yake mlango wa jikoni uko wazi. Edna kafichwa chumbani kama desturi inavyotaka.

Kimutai kabisha hodi akiwa na suti. Nyuma yake Kalamu na Bibi Audrey amevaa kofia ya kanisani. "Tumetoka mbali sana," Kimutai kasema, "tumetembea milima na mabonde, tukaona hapa kuna ua zuri." Chumbani Edna akaangua kicheko, maana sote tulimwona akiruka uzio. Dada kamwambia mshenga aendelee, anaongea vizuri.

Mzee Christopher kaja wa mwisho, na tai, na karatasi ndefu imekunjwa kwapani. Bibi Audrey akamtazama. Alimtazama muda mrefu na hakuna aliyethubutu kukaa, mimi mwenyewe nilisimama nimeshika sahani ya maandazi. Hatimaye akamwonyesha kiti kwa kidole. Mzee kakaa kama mtoto wa basi langu aliyekamatwa.

Dada, ambaye sikuthubutu kumweleza ukweli wa jina lile, akaomba mkuu wa ukoo azungumze. Kalamu ndiye mkalimani. Mzee Christopher kafungua karatasi, kaanza na bonde, kaja kwenye kinu, kaja kwenye ndugu wawili. Dada anaitikia kwa kichwa, amefurahi. Alipofika kwenye tumbaku akasimama. Akaikunja karatasi.

Kasema yeye si mkuu wa hawa watu. Kasema wengi wa wenye jina hili hawakutoka bondeni, na kwamba nyumbani kwake amewaweka nyuma ya mlango kwa miaka ishirini kwa sababu hakujua awaweke wapi, na hata hilo ni kisingizio. Kisha kakaa. Kalamu alitafsiri yote bila kupunguza wala kuongeza chumvi.

Dada hakuelewa mara moja. Akauliza, sasa jina hilo nyinyi mlilipataje?

Bibi Audrey akavua kofia, akaiweka mezani karibu na tableti. Akaongea taratibu na Kalamu akawa anamfuata nyuma.

"Mwanamke aliyemzaa baba wa babu yangu alinunuliwa. Aliyemnunua alimpa jina lake, kama unavyoandika jina kwenye jembe. Walipoachiwa huru wangeweza kulitupa. Hawakulitupa, kwa sababu watoto wao walikuwa wameuzwa huku na huku, na jina hilo ndilo lingewasaidia kurudi. Wengine walirudi. Kwa hiyo sasa ni letu. Umeuliza mwiko wetu. Tunao mmoja. Kwetu mtu hauzwi, na mtu hanunuliwi. Hata kwa njaa. Hata kama hakuna anayeona."

Kimutai alikuwa ameshatoa bahasha ya kufungulia mazungumzo ya mahari, ameishika kwa mikono miwili kama anavyopaswa. Akaitazama. Akairudisha mfukoni polepole.

Hapo kila mtu akaona kilichotokea. Dada ameomba mwiko majira mazima, amepewa, na mwiko wenyewe umekaa juu ya mahari yake.

Dada hakutikisika kwenye kioo. Mlango wa chumba ukafunguka kidogo, Edna akanong'ona kwamba mtandao umekatika. Lakini kuku akapita nyuma ya Dada, akasimama, akadonoa kitu, akaenda zake. Mtandao ulikuwepo.

"Hata kwa ng'ombe?" Dada akauliza mwishowe.

"Hata kwa ng'ombe."

"Na kama ni heshima tu?"

Bibi Audrey akasikiliza tafsiri, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Heshima nitaleta gari zima. Bei hapana."

Namjua dada yangu miaka sitini. Nilimwona anameza. Nilijua anaweza kufunga simu, na akifunga simu Edna haolewi, na mwanangu alikuwa amesimama pale kwenye ufa wa mlango ameziba mdomo kwa mkono.

"Eliudi," Dada akasema, "huo ndio mwiko. Ule wa kamba ulikuwa ugonjwa, ule wa matango ulikuwa upuuzi. Huu ni mwiko, na mwiko wa watu hauvunjwi. Mahari imeondoka."

Edna akatoka mbio chumbani, desturi ikafia hapo hapo. Kalamu akapiga magoti tena, yote mawili, mbele ya chupa ya chai, na safari hii hakuna aliyecheka.

Lakini Dada ni Dada. Akakohoa, akauliza kama mwiko huo unakataza zawadi. Bibi Audrey akasema zawadi huenda na kurudi, na yeye pia ana zake anazozitaka. Basi wale wanawake wawili wakaingia kazini. Blanketi, kanzu, kofia mbili za kanisani, kahawa ya Bukoba, nyundo ya mbao. Kimutai alijaribu kuchangia akaambiwa na wote wawili anyamaze.

Mwisho Dada kauliza, huyu mzee Mzungu ni nani kwenu sasa. Mzee Christopher kasema anaweza kwenda. Dada kasema akae, kwetu kuna njia. Makabila yaliyopigana zamani na kuumizana hayawi ndugu, ila huwa watani. Mtani anasemwa usoni, hakasiriki, na kwenye shughuli anafanya kazi zote chafu.

Bibi Audrey aliifikiria tafsiri hiyo kwa makini. Akasema anaipenda.

"Kazi gani?" Mzee Christopher akauliza.

"Sufuria ziko jikoni," kasema Kimutai.

Mzee kavua koti. Kaosha kila kitu, na Bibi Audrey alisimama pembeni yake akimwonyesha alipoacha mafuta. Mzee Christopher aliponiaga kaniuliza kama atazihitaji kuta mbili, maana kwenye moja hawatoshi. Nikamwambia aanze na hao wa nyuma ya mlango, kisha aone nafasi iliyobaki.

Jumapili, 1 Desemba

Asubuhi Kalamu kaja kuzoa majani. Nikamwambia yameisha. Kasema anajua. Tukakaa kwenye ngazi tukanywa chai, na nikamwomba anieleze yale aliyotaka kunieleza Septemba. Kaeleza, na sikumkatiza.

Presha nimepima mbele yake. Nzuri.

Mchana Dada kapiga. Nilidhani kakumbuka blanketi nyingine. Sauti yake ilikuwa nzito, kasema hakulala.

"Eliudi, kamuulize yule bibi. Ukoo wao unapokea watu?"

"Watu gani, Dada?"

"Waliowahi kununuliwa."

Nikavaa koti nikavuka reli. Bibi Audrey alikuwa bado na kofia ya kanisani, nikamweleza palepale mlangoni, habari ya Dada kuozwa akiwa na miaka kumi na saba, ya maji, ya ng'ombe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie tumempokea," kasema. "Ila Jumamosi tunakula kaa."

Nimempigia. Dada kalia kwanza, kisha kauliza kaa anapikwaje.